Kifuniko cha Gorfa ya Talaso

Talaso alizikwa kabla sijajua kwamba amekufa. Kwetu maiti hailali, na Kinna alikofia si karibu, na yule aliyeambiwa anipigie simu alikumbuka watu walipokwisha kurudi kutoka makaburini na kula. Nilikuwa sokoni Isiolo, kwenye mstari wa wanawake wa maziwa ya ngamia, nimekalia debe. Nilisema inna lillahi, nikaweka simu chini, nikaendelea kumpimia mteja aliyekuwa mbele yangu. Tangu siku hiyo ninaandika haya polepole, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la nane na maneno hunijia kama ng'ombe mzee anayekwenda kisimani. Nyumbani kwetu ni wapi na baba yangu alikuwa nani, sitaeleza, maana hayasaidii. Inatosha kusema kwamba tulikuwa wake wawili wa mwanamume mmoja, Boru, aliyenunua na kuuza mifugo. Talaso alikuwa mke mkubwa, mimi mdogo. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na mimba iliyokuwa haijaanza kuonekana, na mji mzima ulikuwa ukisema kwamba Talaso amemuua mume wetu kwa maziwa.

Boru alirudi kutoka mnada wa Oldonyiro wakati wa adhuhuri, vumbi hadi kwenye nyusi, ameshika tumbo. Alisema amekula nyama njiani na haikumkalia vizuri. Talaso alishusha gorfa yake ukutani, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi mpaka hakivuji, ambacho kifuniko chake ndicho kikombe chake. Alimimina kidogo kwenye kifuniko, akanywa yeye. Akamimina tena, akanipa mimi nikanywa, kwa sababu alikuwa akinilazimisha kunywa maziwa kila mara tangu alipojua nina mimba. Halafu akakijaza, akampa Boru. Alikunywa, akajilaza kwenye mkeka, akageukia ukuta. Alasiri ilipoadhiniwa nilimgusa mguu ili aamke aswali, na mguu ulikuwa baridi.

Walimzika siku ileile kabla jua halijatua. Kijana mmoja alitaja hospitali, na Galgalo, ndugu yake Boru, akamkaripia kwamba Mwislamu hapasuliwi kama mbuzi. Basi aliingia ardhini na sababu yake. Mpaka leo sijui ni nyama, au ni moyo, au ni siku yake tu. Lakini matanga hayajapoa Galgalo akaanza kusema ni sumu. Alisema mke mkubwa hana mtoto, mke mdogo ana mimba, mtu ajumlishe mwenyewe. Polisi walipokuja walikuta chupa ya dawa ya kupe nyuma ya mahali gorfa ilipotundikwa. Nyumba gani ya Isiolo yenye mbuzi haina dawa ya kupe? Walituchukua sote wawili, tukiwa bado na nguo za eda, wajane ambao hawatakiwi hata kutoka mlangoni. Mimi waliniachilia. Talaso alishtakiwa kwa mauaji, akawekwa rumande Meru, na sehemu kubwa ya eda yake aliimalizia huko, kwenye chumba chenye wanawake wengi na ndoo moja.

Alipotoka kwa dhamana hakuwa na nyumba, kwa kuwa boma la Boru lilikuwa la ndugu zake. Mimi nilikuwa tayari nimepanga chumba huko Bulla Pesa, kwa Mama Kendi, Mmeru aliyeuza miraa, ambayo vijana huiita jaba, barazani kwake. Kilikuwa chumba cha mabati, kitanda kimoja, jiko la makaa, na kamba tuliyotundikia nguo na gorfa. Watu walitushangaa. Waliuliza mke mdogo anakaaje na yule aliyemfanya mjane. Tangu utoto nikiulizwa jambo mbele ya watu shingo yangu huingia mabegani kama ya kobe. Lakini ndani ya chumba kile sikuwa na aibu. Talaso alipika anjera, chapati laini za unga uliochachushwa, asubuhi, na tulipokuwa na nyirinyiri, nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa kwenye mafuta, alinichagulia vipande vyenye mafuta, akasema vya kwangu si vyangu, ni vya mtoto. Jioni alifukiza gorfa kwa vijiti vya moto, akaifunika ili moshi uingie kwenye mizizi, na chumba kizima kilinukia kama nyumba ya mtu ambaye hana shida.

Ukuta wa mabati hauzuii kitu. Tulilala tukisikia wateja wa Mama Kendi wakitujadili kana kwamba tuko Marekani. Siku moja kijana mmoja alimuuliza anapataje usingizi na muuaji nyuma ya ukuta. Mama Kendi akamjibu, "Nalala vizuri sana. Muuaji wangu anaamka alfajiri kuswali. Wewe unaamka saa nne kutafuta jaba." Walicheka wote, na Talaso, aliyekuwa amelala nyuma yangu, alicheka pia bila sauti. Nilihisi kitanda kikitikisika. Ni kicheko chake cha pekee ninachokikumbuka mwaka ule.

Serikali ilimpa Talaso wakili, mwanamume mwembamba ambaye kila mara alionekana kama mtu aliyeacha chakula chake kikipoa mahali. Aliniuliza niliona nini, nikamwambia, naye kwa mara ya kwanza akaniangalia vizuri. Alisema maneno yangu yana uzito kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu mke mwenza ndiye angetarajiwa kummaliza mwenzake, na mimi ninamtetea. Alisema nitaitwa. Tangu siku hiyo nilikuwa nikijifunza sentensi moja: Nilimwona akimimina kwenye kifuniko, akanywa, akanipa nikanywa, halafu ndipo akampa Boru. Mama Kendi alijifanya jaji. Alikaa kwenye kiti chake na shuka begani, akaniamrisha nisimame wima nitoe shingo. "Shahidi, mahakama haisikii," alikuwa akisema. "Sema tena, na usiseme na vidole vyako vya miguu." Nilisema tena. Talaso alikuwa akipepeta mchele bila kuinua macho, lakini nilipofika kwenye neno nikanywa, ungo ulisimama. Alitaka jambo moja tu mwaka ule. Kurudishiwa nyumba ya Boru hakukuwa shida yake, wala mbuzi. Alitaka mtu aseme mbele ya watu kwamba hakuua, na watu wakae kimya wasikie.

Nafikiri sana sasa juu ya jambo hilo, jinsi lilivyokuwa dogo. Mtu anaweza kupewa chakula, na damu, na hata uhai wake, akanyimwa sentensi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa haba na malisho yakawa mbali. Wachungaji wa upande wa Galgalo walikutana na wa upande wa Talaso kwenye maji, na kijana wa Wario, kaka yake Talaso, alirudishwa Kinna akiwa amevunjwa mkono. Kila mtu alijua kinachofuata mkono. Basi wazee wa pande zote mbili wakaitana kwa maslaha, kikao cha upatanisho, na Wario akaja kwetu kumwarifu dada yake. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye debe, akanywa chai yote kwanza ndipo akasema. Upande wao utatoa ngamia, karibu wote wanaokamuliwa. Upande wa Galgalo utapokea. Jambo litazikwa.

Talaso aliuliza, "Ngamia kwa kosa gani?"

"Hawajauliza kosa."

"Kaka, sikumuua."

"Najua."

"Basi waambie."

Wario alizungusha kikombe kitupu mkononi. Alikuwa mtu mwema, naye alisema kwa upole kabisa. "Dadangu, hakuna anayeuliza nani aliua. Tunaulizana tutaishije. Leo ni mkono wa kijana wangu. Kesho ni kichwa chake. Kesho kutwa na sisi tunatafuta kichwa."

Talaso aliuliza na kesi yake je. Wario akasema itakwisha, mashahidi wao hawatakwenda tena. Talaso akasema anataka iendelee, na kaka yake akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa. Hapo nikasikia sauti yangu kutoka kitandani, mimi ambaye sijawahi kusema mbele ya mwanamume mgeni. Nilisema, "Mimi niliona. Mimi pia nilikunywa." Wario hakunigeukia, kwa heshima ya eda yangu. Alisema, "Mtoto wa watu, hayo yaweke tumboni pamoja na huyo mtoto. Tukishaketi, jambo limezikwa. Atakayelifukua atalipa, na sina kingine cha kulipa." Alivaa viatu vyake. Nje tulimsikia akimsalimia Mama Kendi na kumwuliza habari za watoto.

Walikutana kwenye boma moja nje ya mji, njia ya Ngaremara, chini ya turubai. Mimi sikutakiwa kwenda kwa sababu ya eda, na nilikwenda, nimejifunika, nikakaa nyuma ya uzio wa miiba pamoja na wanawake wengine. Wazee waliongea mpaka kivuli kikahama. Dua ikasomwa. Sasa yalibaki maziwa. Desturi ilikuwa kwamba nyumba iliyotoa ngamia italeta maziwa, na ndugu wa marehemu watayanywa, na wakishayanywa hakuna tena wa kumdai mwenzake. Talaso alikuwa ameifukiza gorfa mwenyewe asubuhi ile na kuijaza. Alipita katikati ya wanaume wote wale, akapiga magoti mbele ya Galgalo, akafungua kifuniko, akamimina. Na mkono wake ukaenda mdomoni mwake.

Niliujua mkono ule. Kila mwanamke anayeuza maziwa sokoni Isiolo anao. Unamimina kidogo, unakunywa mbele ya mteja ili aone hayajaharibika, ndipo unampa. Talaso alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, kwa wateja, kwa wageni, kwa mumewe. Mkono haukumuuliza. Alikunywa, akafuta ukingo kwa ncha ya shuka, akamimina tena, akakinyoosha kwa Galgalo. Galgalo hakukipokea. Karibu yangu mwanamke mmoja alisema, "Ya Rabi, huyu amefanya nini?"

"Umeonja nini?" Galgalo aliuliza.

"Maziwa."

"Unanionyesha kwamba ni salama."

Wario, aliyekuwa amekaa upande wa pili, alianza kueleza kwamba ni mazoea tu, ni mambo ya sokoni, wanawake wa maziwa wote ndivyo walivyo. Galgalo akainua mkono akamzuia. Alisema, "Ukinionyesha kwamba ya leo ni salama, unaniambia na ya siku ile yalikuwa salama. Na kama yalikuwa salama, sisi hapa tumeketi kufanya nini?" Alimwinamia Talaso. "Ndivyo unavyosema?"

Wario alikuwa akimwangalia dada yake, na wazee wote walikuwa wakimwangalia, na nilijua kila mmoja anamwomba moyoni aseme mkono ulikosea. Ilikuwa kweli mkono ulikosea. Angesema hivyo yangekwisha. Lakini hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote, tangu siku ile, swali lililokaribia hivyo lile alilolingoja. Alikuwa bado amepiga magoti, kifuniko kimejaa mkononi, hakijamwagika hata tone.

"Ndiyo," alisema.

Neno hilo moja ndilo ushahidi wote uliowahi kusikika, na liliwagharimu watu. Kelele zilipanda, vijana wakasimama, wazee wakawakalisha kwa fimbo na kwa majina ya baba zao. Mwishowe maslaha hayakuvunjika, ila upande wa Talaso uliongezewa faini kwa tusi: ngamia jike mmoja ambaye Wario alikuwa amemwacha nyumbani ili watoto wake wasikose maziwa. Kikombe kingine kilijazwa na mwanamke mwingine, kutoka chombo kingine, na Galgalo akanywa. Maziwa ya gorfa ya Talaso tulirudi nayo. Njiani nilitaka kumwambia kwamba nimemwonea fahari, na sikujua neno lake, nikamshika mkono tu.

Mahakamani Meru tulikwenda muda mfupi kabla sijajifungua, nikiwa sasa shahidi mwenye tumbo kama mtungi. Mama Kendi alinifunga kitambaa kichwani vizuri na kuniambia nisisahau shingo. Nilikaa kwenye benchi la nje nikirudia sentensi yangu bila sauti. Ndani, mlango ukiwa wazi, walisoma namba ya kesi. Kiongozi wa mashtaka akasema mashahidi wake wameitwa na kuitwa tena, hawapatikani, na familia zimepatana. Jaji akasema maneno ambayo sikuyaelewa, kwa Kiingereza, akifunga faili. Jina langu halikuitwa. Sikuhitajika, alieleza wakili wa Talaso. Shahidi wa utetezi anahitajika pale tu penye mashtaka yaliyosimama. Alitupongeza, akaondoka kwa haraka. Talaso alibaki kwenye ngazi na viatu vyake vya plastiki.

Aliniuliza, "Wamesema sikuua?"

"Wamesema uende nyumbani."

"Si hilo nililouliza," alisema, na tukaenda kutafuta chai.

Baada ya hapo alirudi sokoni. Kabla ya maslaha alikuwa bado na wateja wachache, waliosema tungoje mahakama. Sasa hakuwa na hata mmoja. Mwanamke aliyekaa jirani yake kwenye mstari alimweleza bila ubaya wowote: ndugu zako wamelipa, na mtu halipi asichokula. Alikuwa akiwasili asubuhi na maziwa, anamimina kwenye kifuniko, anakunywa mbele ya watu wanaopita, anasubiri. Wanapita. Mchana alirudi nayo chumbani, na maziwa ya ngamia hayachachuki upesi, basi tuliyanywa sisi, na Mama Kendi, ambaye alisema yeye anaogopa Mungu na nyoka peke yake. Mama Kendi aliwatilia hata wateja wake wa miraa kwenye chai bila kuwaambia. Hakuna aliyekufa. Lakini hilo halikuweza kusemwa pia.

Nilijifungua binti, nikamwita Amina. Talaso ndiye aliyemshika wa kwanza. Wiki chache baadaye alifunga nguo zake, kwa sababu mtu hawezi kuishi kwa kunywa bidhaa yake, akarudi Kinna kwa kaka yake, kwa watoto ambao ngamia wao aliondoka kwa sababu ya neno lake. Galgalo aliposikia kuna mtoto wa Boru alileta mbuzi na kanga, akasema damu ni damu, na sikuweza kukataa. Tangu Amina aanze shule hutumia likizo kwenye boma la baba yake mkubwa. Huko wanampenda sana, na huko ndiko alikosimuliwa kifo cha baba yake.

Mwaka ule uliishia hapo, na miaka mingi imepita, na sasa Talaso naye amekwenda. Nilifika Kinna siku ya tatu ya matanga. Wario ni mzee sasa, macho yameingia ukungu, na alinikumbuka kwa sauti. Nilikaa na wanawake, nikala wali, nikasikia wakisema marehemu alikuwa mtu wa swala, mtu wa kujitenga. Halafu nikamwendea Wario, nikasimama wima. Nikasema: nilimwona akimimina kwenye kifuniko, akanywa, akanipa nikanywa, halafu ndipo akampa Boru. Nilisema kwa sauti ya kutosha. Mama Kendi angeridhika.

Wale vijana wake waliacha kuongea. Mmoja wao, yule wa mkono, uliounga vibaya na bado umepinda, alicheka kidogo puani. Wario alinigeuzia macho yake ya ukungu. Aliposema, hakuwa na hasira.

"Kama hakuua," alisema, "ngamia wangu walikwenda wapi?"

Akaendelea, "Watoto hawa walikulia kwenye chai ya mkandaa, bila tone la maziwa, kwa ajili yake. Wanajua ni kwa ajili ya kitu. Wewe unataka niwaambie ni kwa ajili ya bure?" Kisha akaniombea safari njema. Nilipokuwa nikitoka mke wake alinifuata mpaka kwenye uzio. Gorfa ilikuwa imetundikwa nje juu ya miiba, peke yake. Alisema hakuna anayetaka kuiweka ndani, na kuichoma wanaona vibaya, kama naweza niichukue.

Niliichukua. Nyumbani niliiosha, nikaifukiza kwa vijiti kama alivyokuwa akifanya, nikaiacha usiku kucha imefungwa na moshi wake. Kesho yake niliijaza maziwa niliyoyanunua mwenyewe kutoka kwa mwenzangu wa mstari. Amina aliporudi kutoka shule, amevaa sketi ya sekondari, mrefu kama Boru, aliikuta mezani akajua ni ya nani kabla sijasema. Nilimwambia akae. Nilimimina kwenye kifuniko, nikanywa. Nikafuta ukingo, nikamimina tena, nikamnyooshea mwanangu.

Ni binti mwenye adabu, hawezi kumwambia mama yake hapana. Alikiangalia kifuniko, kisha akaniangalia mimi, kwa huruma.

"Nimeshiba, Mama," alisema, naye alikuwa hajala kitu tangu asubuhi.